Kubadilisha dawa za sonona: Kwa nini usingizi ndio huvurugika kwanza

MGONJWA wa sonona aliyemeza dawa kwa miezi, pengine miaka, bila kupata nafuu ya kuridhisha hufikia wakati ambapo daktari humshauri ajaribu dawa nyingine.

Kwenye karatasi ya daktari huo ni mstari mmoja tu: hii iachwe, ile ianzwe. Mwilini mwa mgonjwa, hata hivyo, ni shughuli ya wiki kadhaa, na aghalabu usingizi ndio hutangulia kuharibika.

Ni katika kipindi hicho ambapo wengine huzitupa dawa zote mbili, wakidhani kwamba ile mpya imewadhuru au kwamba ugonjwa umerejea kwa kishindo. Mara nyingi huwa si hili wala si lile.

Tufafanue istilahi kwanza, kwa kuwa msemo "msongo wa mawazo" umetumiwa kuelezea kila jambo, kuanzia karo ya shule hadi talaka, hata umechuja. Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, ni maradhi. Mtu hushikwa na huzuni au hukosa raha kwa chochote karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, na pamoja na hayo huchoka, hujilaumu, hupoteza hamu ya chakula, hushindwa kufikiri sawasawa, na huenda akawaza kifo. Hali hiyo ikidumu kwa miaka miwili au zaidi, wataalamu huihesabu kuwa sugu.

Usingizi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Wapo wanaolala kupita kiasi, lakini dalili inayojulikana zaidi ni kuzinduka mwendo wa saa tisa usiku na kukodolea dari macho hadi kupambazuke.

Dawa za kwanza za sonona ziligunduliwa kama kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wagonjwa wa kifua kikuu nchini Marekani waliopewa iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa. Nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn alitangaza mwaka wa 1957 kwamba imipramini ilikuwa imewafaa wagonjwa wake wenye sonona. Amitriptilini, ambayo ni ndugu ya imipramini, ilifuata baadaye. Fluoksetini, inayofahamika kwa jina la kibiashara la Prozac, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka wa 1987.

Amitriptilini na fluoksetini zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Kwa sababu hiyo tutazitumia kuwa mfano wetu.

Je, dawa ya kwanza imeshindwa kweli?

Hili ndilo swali ambalo daktari makini hujiuliza kabla ya kuandika jina la dawa nyingine. Dawa hizi hazifanyi kazi kama za kutuliza maumivu. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na huenda ikachukua wiki sita au nane kukamilika. Aliyeimeza kwa siku kumi na kuiacha hawezi kudai kwamba ameijaribu.

Pili ni kipimo. Amitriptilini ya miligramu 25 usiku yaweza kumlaza mtu fofofo na hata kumpunguzia maumivu ya neva, lakini kwa watu wazima wengi hicho ni kipimo cha chini mno kutibu sonona. Kwa kawaida huhitajika miligramu 75 au zaidi, zikiongezwa hatua kwa hatua. Mgonjwa anayesema "nilipewa dawa, nikalala, lakini huzuni ikabaki" huenda alitibiwa usingizi pekee.

Tatu ni mambo mengine yanayojifanya sonona au kuizidisha: tezi ya thairodi iliyolegea, upungufu wa damu, pombe, au kukoroma kunakoandamana na kukatika kwa pumzi usingizini. Hapa kwetu ni lazima miraa na muguka vitajwe pia, kwa kuwa vyote huchangamsha ubongo na kufukuza usingizi. Mtu anayetafuna hadi usiku kisha akamlaumu daktari kwa kukosa usingizi anamwonea. Dolutegraviri, iliyomo katika matibabu ya Ukimwi, nayo huwakosesha baadhi ya watu usingizi, na huenda mgonjwa akashauriwa kuimeza asubuhi. Prednisoloni huwa na tabia hiyo hiyo.

Aidha, kuna wanaougua baipola, maradhi ambayo siku za huzuni hubadilishana na siku za uchangamfu uliopita mipaka, matumizi mabaya ya pesa na kutohitaji usingizi. Mtu wa aina hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuruka kichwa. Mgonjwa aliyewahi kupitia kipindi kama hicho hana budi kumweleza daktari, hata kama wakati huo alijiona mzima kuliko watu wote.

Ikithibitika kwamba dawa imeshindwa, kubadilisha kuna maana, lakini matarajio yawe ya wastani. Utafiti mkubwa wa Marekani ambao matokeo yake yalitolewa 2006, na uliohusisha wagonjwa wapatao 4,000, ulionyesha kwamba karibu theluthi moja walipona kwa dawa ya kwanza. Miongoni mwa wale waliobadilishiwa, takriban mmoja kati ya wanne alipona, na dawa tatu zilizolinganishwa hazikupishana sana. Uchambuzi mpya uliochapishwa 2023 ulidai kwamba waliopona kwa jumla walikuwa wachache kuliko ilivyotangazwa. Dawa ya pili, basi, si muujiza, ila huwafaa wengi waliokwisha kukata tamaa.

Jinsi dawa zinavyopishanishwa

Njia ni kadhaa, na uamuzi ni wa daktari. Zipo dawa zinazofanana kiasi kwamba ya kwanza huachwa leo na ya pili ikaanzwa kesho. Zipo zinazohitaji ya kwanza ipunguzwe hadi iishe ndipo nyingine ianze. Mara nyingi hupishanishwa: moja ikishuka, nyingine ikipanda. Kuna pia kundi la zamani la dawa, lile la ukoo wa iproniazidi, ambalo halichanganywi kabisa na mengine; kwa kawaida hutakiwa siku 14 za mwili kusafika, na kwa anayetoka kwenye fluoksetini hungojewa wiki tano.

Sasa tumchukue mgonjwa anayehama kutoka amitriptilini hadi fluoksetini. Mambo mawili humpata kwa pamoja. Amitriptilini humletea mtu usingizi, na ikipunguzwa, msaada huo nao huondoka. Fluoksetini, kinyume chake, huwachangamsha wengi katika siku za mwanzo, ndiposa humezwa asubuhi. Mgonjwa hujikuta amenyang'anywa mto na kupewa kahawa, ilhali nafuu ya huzuni ingali wiki kadhaa mbele.

Isitoshe, fluoksetini huzuia ini kuivunja amitriptilini, hivyo kiwango cha amitriptilini katika damu huweza kupanda sana hata kama idadi ya tembe haijabadilika. Kinywa hukauka, moyo hudunda, mkojo hukataa kutoka, na mzee huweza kuchanganyikiwa. Hii ndiyo sababu daktari huishusha amitriptilini mapema, na ndiyo sababu mgonjwa hapaswi kujiamulia "nitamalizia zilizobaki kwanza".

Safari ya kurudi ina hatari yake. Fluoksetini pamoja na mabaki yake hukaa mwilini kwa wiki nyingi baada ya tembe ya mwisho. Hilo ni jema kwa anayeiacha, maana hujipunguza yenyewe polepole, lakini dawa inayofuata huikuta bado imo.

Paroksetini na venlafaksini ziko tofauti. Hutoka mwilini upesi, na mtu akiziacha ghafla hupata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira za ghafla, ndoto za kutisha na mishtuko kichwani inayofanana na ya umeme.

Hapa ndipo kutofautisha kunakohitajika. Dalili za kuachishwa dawa huanza siku chache tu baada ya kipimo kupunguzwa, huandamana na mambo ya kimwili ambayo mgonjwa hakuwa nayo awali, na kwa kawaida hupungua haraka kipimo cha zamani kikirejeshwa. Ugonjwa unaorejea huja taratibu, baada ya wiki au miezi, na hubisha hodi kwa sura ile ile ya mwanzo: huzuni ile, kuamka saa ile, lawama zile zile za nafsi. Daftari dogo linaloonyesha tarehe, kipimo cha siku hiyo na saa za kulala na kuamka humsaidia daktari kuliko kauli ya "sijisikii vizuri".

Kupunguza kwenyewe si kwa kugawa sawasawa. Athari ya dawa hizi katika ubongo haipandi kwa mstari ulionyooka: kushuka kutoka miligramu 20 hadi 10 hubadilisha kidogo kuliko kutoka tano hadi sufuri. Ndiyo maana wengi huteleza bila taabu hadi karibu na mwisho, kisha hatua ndogo kabisa ndiyo huwaangusha. Aliyetumia dawa kwa miaka anaweza kuhitaji miezi kuiacha.

Kuhusu usingizi katika kipindi hicho, kishawishi kikubwa ni diazepamu, inayojulikana kama Valium. Inalaza, hakuna ubishi. Lakini haitakiwi kutumiwa zaidi ya wiki mbili hadi nne, kwa kuwa mwili huizoea na kuiacha huwa kazi kubwa kuliko ile ya dawa ya sonona. Madaktari wengine huchagua mirtazapini, ambayo hutibu sonona na huleta usingizi, ingawa huongeza hamu ya kula na uzito.

Kwa usingizi uliopotea kwa miezi mitatu au zaidi, Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba tiba ya kwanza iwe ya kubadili mienendo na fikira kuhusu usingizi, kabla ya tembe. Mtu hupanga saa moja ya kuamka kila siku, hata alale vibaya namna gani. Kitanda hakiwi mahali pa kutazama simu. Asiyepata usingizi huondoka kitandani na kurudi akisinzia. Saa za kukaa kitandani hupunguzwa zikaribiane na zile anazolala kweli, kisha huongezwa kidogo kidogo. Kwa mwenye baipola au kifafa hatua hii ya mwisho isifanywe bila daktari, maana kunyimwa usingizi kunaweza kuamsha maradhi.

Yapo machanganyiko ya kuogopwa. Tramadoli, ambayo hutolewa kwa maumivu, ikikutana na fluoksetini au setralini yaweza kujaza serotonini kupita kiasi: mtu hutetemeka, hutokwa na jasho, huharisha, hupandwa na homa na kuchachawa. Huyo ni wa kukimbizwa hospitalini. Dawa ya malaria yenye atemetha na lumefantrini hutakiwa uangalifu kwa anayetumia amitriptilini, kwa ajili ya mapigo ya moyo. Rifampisini ya kifua kikuu nayo huweza kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za sonona. Mwambie mfamasia kila unachomeza, mitishamba ikiwemo.

Wiki za mwanzo za dawa mpya zahitaji macho ya jamaa, hasa kwa vijana. Mwaka wa 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kuhusu mawazo ya kujiua miongoni mwa watoto, na 2007 ikalipanua hadi watu wa miaka 24. Nchini Kenya, kwa miaka mingi wagonjwa walikuwa na sababu ya kuyaficha mawazo hayo, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu hicho Januari 2025. Daktari aelezwe bila hofu, na usiku ambapo daktari hapatikani, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kupitia nambari 1199.

Limebaki suala la tembe za zamani. Amitriptilini ikimezwa kwa wingi huua kwa kuvuruga moyo, na pakiti iliyosahaulika kabatini ni hatari kwa mgonjwa aliyelemewa na hata kwa mtoto wa nyumba hiyo. Siku daktari anaposema dawa hiyo imekwisha kazi, zilizosalia zirudishwe kwenye duka la dawa au hospitali, na katika wiki za kupishanisha, ni afadhali mtu mwingine nyumbani awe ndiye mwenye kuzitunza.