Istilahi za Utumbo Mpana: Kutoka Panya Shamba wa Kilosa hadi Panya wa Maabara

Neno "panya" ni la zamani, nalo limebebeshwa mzigo mkubwa. Mkulima wa Ilonga, wilayani Kilosa, hulitumia kwa panya shamba afukuaye mbegu za mahindi. Mkazi wa mjini hulitumia kwa panya wa darini. Mtaalamu naye hulitumia kwa mnyama mweupe wa maabara. Hata hivyo, panya shamba ni mnyama wa Afrika, ilhali panya wa maabara ana asili ya Asia, na ukoo wake mmoja mashuhuri ulianzishwa mwaka 1906 katika Taasisi ya Wistar, Philadelphia, Marekani.

Kazi ya kuandika maneno ya sehemu hizi haikuanza jana. J. T. Last, mmisionari aliyeishi Mamboya katika nchi ya Wakaguru, alichapisha mwaka 1885 mkusanyo wa maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48. Mkusanyo huo ulihusu mazungumzo ya kila siku, si elimu ya viumbe. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulika zaidi na usanifishaji na vitabu vya shule. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Tuuangalie sasa utumbo wenyewe. Mchinjaji yeyote hutofautisha utumbo mwembamba na utumbo mpana. Kwa panya, utumbo mpana huanza na mfuko mkubwa ulioziba upande mmoja, ukafuatiwa na koloni, kisha puru. Mfuko huo Walatini waliuita "kipofu", kwa kuwa hauna njia ya kutokea upande wa pili. Mfasiri akiuita "kidole tumbo" atapotosha, maana binadamu anacho kidole tumbo, lakini panya hana. Sisi tunaona "utumbo kipofu" lafaa zaidi: laeleza umbo, na mwanafunzi hulielewa bila mkalimani.

Ugumu zaidi umo katika wakazi wa mfuko huo. Humo bakteria wengi mno huchachusha nyuzinyuzi ambazo panya mwenyewe hawezi kuzisaga, na hutengeneza vitamini, ikiwamo vitamini K. Panya hula sehemu ya kinyesi chake, na hivyo huzipata vitamini hizo. Panya waliolelewa maabara pasipo bakteria wowote huvimba utumbo kipofu kupita kiasi. Tena wakinyimwa vitamini K katika chakula, hutokwa damu isiyoganda upesi.

Kwa hiyo, kufasiri "bakteria" kila mara kuwa "viini vya maradhi" ni kosa lenye madhara. Mkulima aliyefundishwa kwamba kila bakteria ni adui ataona ni busara kumeza dawa ya kuwaua kila tumbo linapomsokota, naye huenda akawaangamiza wanaomsaidia. Tunapendekeza "bakteria" libaki jina la viumbe wote wa jamii hiyo, na "viini vya maradhi" litumike kwa wale tu waletao maradhi. Istilahi sahihi ni sehemu ya tiba.