Kutoka 177560 hadi Kakuma

Vitabu vingi vya utangulizi wa Unix hurudia dai moja: kwamba mfumo huo uliugeuza kila kifaa kuwa faili. Dai hilo lina ukweli, ila linamwacha msomaji mlangoni. Faili zilizo ndani ya /dev ni sura anayoonyeshwa mtumiaji. Kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, hushughulika na anwani za kumbukumbu.

Ushahidi umekuwepo tangu 1977, John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, alipowaandalia wanafunzi wake msimbo wa toleo la 6 la Unix na ufafanuzi wake. AT&T, mwenye mali, haikutaka usambazwe ovyo, kwa hiyo kwa miaka mingi watu waliupata kwa nakala za fotokopi; uliuzwa rasmi 1996. Sehemu ya terminali katika msimbo huo huitaja terminali kuu kwa anwani: 177560, kwa hesabu ya msingi wa nane. Mashine iliyoendesha toleo hilo, PDP-11 iliyotoka 1970, haikuwa na amri maalumu za kuzungumza na vifaa. KB 8 za juu kabisa za anwani ziliachiwa rejista za vifaa hivyo. Herufi ikiandikwa kwenye 177566, terminali huichapa.

Hapo ndipo ulinzi ulipojificha. Kati ya rejista nane za ramani ya kerneli, ya mwisho ilielekezwa kwenye eneo hilo la vifaa. Ramani ya programu ya mtumiaji haikuwa nalo. Programu ilikosa njia ya kugusa kifaa bila kupitia kerneli.

Intel ilikwenda njia nyingine: amri maalumu za vifaa, IN na OUT, na milango 65,536 kwenye 8086 ya 1978. IBM PC ya 1981 ikaifanya ionekane kama sheria ya dunia, ingawa hata PC hiyo iliandika maneno ya skrini ya rangi kwenye kumbukumbu, anwani B8000.

Mshindi ni nani? Jibu liko Kakuma, kambi ya wakimbizi nchini Kenya iliyoanzishwa 1992. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza Bamba Chakula, msaada ulioingia kwenye laini ya simu na kutumika dukani. Na simu hizo, ziwe kabambe za vitufe au za kugusa, karibu zote zina chipu za ARM, na ARM haina IN wala OUT. Kila kitu ni anwani, kama kwenye PDP-11.

Tofauti ni kwamba anwani zenyewe hazitulii. Kompyuta ndogo ya ARM, Raspberry Pi ya 2012, huweka vifaa vyake kuanzia 0x20000000, Pi 2 kuanzia 0x3F000000, Pi 4 kuanzia 0xFE000000. Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika waziwazi kuhusu vurugu hiyo katika msimbo wa ARM. Tangu hapo, Linux kwenye ARM husoma jedwali la vifaa lililoandaliwa kwa ubao husika, ambalo kerneli hukabidhiwa wakati wa kuwaka, kisha huita kitendakazi cha ioremap kuzipatia rejista za kila kifaa anwani za kerneli, bila kache, maana hali ya kifaa lazima isomwe upya kila mara.

Ndiyo maana fundi wa simu mjini Lodwar, katika eneo hilohilo la Kenya, haflashi simu moja kwa programu ya modeli nyingine: kerneli, ikifuata jedwali la ubao mwingine, ingetafuta skrini mahali ambapo hakuna skrini.