Sita au Tisa? Historia ya Masikio na Kelele

[Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.]

MTANGAZAJI: Wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu redio huisikii vizuri, kipindi cha leo ni chako kwanza.

Fikiria siku ya mgao. Watoto wanalia, lori linanguruma, na mwenye megafoni anasema kijiji chenu kitaitwa saa sita. Mzee mmoja anasikia saa tisa. Anaenda kupumzika chini ya mwembe, na akirudi, mstari umekwisha. Watu wanasema, "Huyu ni mkaidi. Mbona jana jioni nyumbani alisikia kila kitu?"

Angalia maneno hayo mawili. Sita na tisa yana sauti zile zile, s, t, i na a. Kinachobadilika ni s na t kuachiana nafasi tu. Kelele ikizifunika hizo mbili, sita na tisa ni neno moja. Leo tunauliza, kwa nini mtu asikie nyumbani na asielewe kwenye mstari? Historia ya swali hilo ina sura moja iliyoandikwa jirani kabisa na sisi.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari wa masikio kutoka New York, Samuel Rosen, alikwenda kwa Wamaban. Wakati huo nchi hiyo iliitwa Sudan. Leo Maban iko Sudan Kusini, katika Upper Nile. Alifuatana na wenzake, akiwamo daktari wa Sudan Mohamed Hamad Satti, na mtaalamu wa kupima usikivu Moe Bergman.

Walitaka kujua kama uziwi wa uzeeni unaletwa na umri peke yake, au kelele za maisha nazo zina mkono. Wamaban hawakuwa na bunduki, magari wala mashine. Watafiti walipima sauti ya kijiji wakaikuta chini ya desibeli 40, yaani chini sana kuliko mazungumzo ya kawaida, ambayo ni karibu 60. Kilichovunja ukimya huo ni jogoo, kondoo, ng'ombe au njiwa alfajiri.

Matokeo yalitoka mwaka 1962. Wazee wa Maban walisikia vizuri kuliko wazee wa rika lao katika miji ya Marekani. Wengine walipinga. Waliuliza, mtu asiye na cheti cha kuzaliwa umri wake umejulikanaje? Sisi ambao wengi kadi zetu zinasema tulizaliwa tarehe 1 Januari tunalielewa swali hilo. Tena chakula na afya ya moyo vinaweza kuwa na sehemu yao. Lakini jambo kubwa lilibaki kwamba kelele huharibu sikio, na uharibifu huo hujilimbikiza mwaka kwa mwaka.

Vita navyo vilifika Maban. Tangu mwaka 2011 eneo hilo limepokea wakimbizi zaidi ya laki moja waliotoka Blue Nile, na risasi zimesikika huko. Kama wewe ni mtu wa Maban, jua kwamba ukimya wa kijiji cha babu zako umeandikwa katika vitabu vya tiba duniani.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Sasa tuingie ndani ya sikio. Kuna chembe ndogo zenye vinywele zinazogeuza sauti kuwa ujumbe kwa ubongo. Zikifa, hazioti tena. Kwa kawaida zinazokufa mapema ni zile za sauti nyembamba, na sauti nyembamba ndizo zinazobeba s, f, t na k. Ndiyo maana mama anasema, "Nakusikia, lakini sikuelewi." Umemwambia "fika", yeye amepata "ika" tu. Je, ni pika, fika au shika? Ukipiga kelele, unaongeza "i" na "a", ambazo tayari alikuwa nazo.

Ubongo nao una kazi yake. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Colin Cherry, aliwavalisha watu spika za masikioni, sauti ya mtu mmoja sikio hili na ya mwingine sikio lile. Waliweza kufuata moja vizuri sana. Lakini ile nyingine hawakujua ilisema nini. Wengine hawakutambua hata ilipobadilika kutoka Kiingereza kuwa Kijerumani! Ubongo huchagua, lakini huhitaji sauti safi ili uchague. Sikio lililoharibika linaupa vipande vipande.

Na vifaa vya kusikia? Miaka ya kwanza vilikuwa vizito na betri zake kubwa. Kisha ikaja transista, na mwishoni mwa mwaka 1952 kilianza kuuzwa kifaa cha kusikia chenye transista. Redio ya kwanza ya mfukoni yenye transista ilifuata mwaka 1954. Kwa hiyo, msikilizaji, masikio ya wagonjwa yalitangulia, na redio kama hiyo unayoishika ikafuata.

Kasoro moja ilibaki. Kifaa hukuza sauti yako, na hukuza pia mashine ya kusaga iliyo nyuma yako. Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Raymond Carhart alihudumia wanajeshi waliopoteza usikivu, na alipowachagulia vifaa aliwapima pia kama wanaelewa maneno penye kelele. Hata hivyo, hospitali nyingi ziliendelea kupima watu ndani ya chumba kimya tu, na mwaka 1970 Carhart na mwenzake Tom Tillman walikuwa bado wanaomba kipimo cha kelele kiwe cha kawaida. Mwaka 1978, Reinier Plomp wa Uholanzi alieleza kwamba tatizo lina sehemu mbili. Sauti hupungua, na sauti huharibika. Kifaa husaidia sana ile ya kwanza. Kwa ya pili uwezo wake ni mdogo. Vifaa vya kidijitali, vilivyoenea tangu miaka ya 1990, vimepunguza shida hiyo bila kuimaliza.

Na Bergman, yule aliyekwenda Maban? Baadaye alichunguza jinsi wazee wanavyoelewa maneno yaliyochanganyika na kelele, na mwaka 1980 akaandika kitabu juu ya jambo hilo.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Tunafanya nini hapa kwetu? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu fulani wa kusikia, na kwa watoto karibu asilimia 60 ya visa vingezuilika. Kwa hiyo mtoto mwenye usaha sikioni apelekwe kituo cha afya mapema. Usimtie mafuta wala majani. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo isikupite, maana West Nile iko katika ukanda wa ugonjwa huo, na unaweza kuua masikio ya waliopona. Mwenye shida ya kusikia aombe barua ya rufaa, aulize pia betri za kifaa zitapatikana wapi. Huko Otse, Botswana, kulitengenezwa vifaa ambavyo betri zake huchajiwa kwa jua, kwa hiyo jambo hilo linawezekana Afrika.

Ukiongea naye, sogea karibu, uso wako uwe kwenye mwanga, na mvute mbali na jenereta. Asipoelewa, badilisha maneno, usirudie kwa ukali. Mwalimu, mtoto huyo mkalishe mbele kabla ya kumwita mvivu. Asiyesikia kabisa ana haki ya lugha ya alama. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka lugha hiyo iendelezwe.

Na ninyi mnaoshika megafoni siku ya mgao, andikeni saa kwenye ubao, au onyesheni kwa vidole. Vidole sita havifanani na vidole tisa.

Mpe jirani karatasi hii akishindwa kutusikia. Tukutane wiki ijayo.

[Muziki wa kufunga.]