Jeki, Debe na Land Rover ya Shule

Ndugu Mhariri ameniomba niandike historia ya karakana yetu. Majengo mnayajua, na majina ya walimu yalikwisha kuchapwa katika toleo lililopita. Nitaeleza jambo moja tu ambalo halijapata kuandikwa: Jumamosi moja ya mwaka 1976, na mkono wa mwenzetu. Mwenyewe ameniruhusu niseme, ila nisimtaje jina.

Shule ilikuwa na Land Rover. Gari la aina hiyo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, na kufikia enzi zetu wazee wa vijijini walilijua kwa mlio. Sisi wa Klabu ya Ufundi tulilihudumia chini ya uangalizi wa fundi wa shule, mzee mkali asiyependa maneno mengi. Siku hiyo mzee alikuwa mjini, nasi tukajiona tumekwisha kuhitimu.

Tulitaka kubadilisha oili ya difu ya nyuma. Debe la kukingia, tulilolitoa jikoni bila ruhusa, lilikuwa refu, halikuenea chini ya difu. Karai lingetosha, hakuna aliyelikumbuka. Basi tukaliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Hendibreki tulivuta mpaka mwisho, na gia tukaitia. Mwenzetu akaingia chini na spana. Nati ilikuwa imekaza, akaivuta kwa nguvu zake zote, na gari likasogea mbele, polepole kabisa, kama linalosukumwa na mtoto. Jeki ikalala. Difu ikashukia debe na mkono wake wa kulia. Alipoteza vidole viwili. Bila lile debe angepoteza zaidi.

Mzee aliporudi hakutupiga. Alichukua kijiti akatuchorea mchangani. Hendibreki ya Land Rover zile haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda difu. Na kazi ya difu ni kuliruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na jingine, ili gari likate kona. Moja likiwa hewani, la pili linaweza kubiringika mbele huku lile la hewani likizunguka kinyumenyume, na shafti isitikisike hata kidogo. Gia nayo haisaidii, maana inapitia shafti ile ile. Kumbe gari letu halikuwa na breki yoyote, na mawe ya kuzuia magurudumu yalikuwa yamejaa pale nje! Muundo huo uliendelea hadi kwenye Defender, ambayo utengenezaji wake ulikoma Januari 2016, kwa hiyo ninyi vijana mnaweza kukutana nao bado.

Jeki yenyewe ni chombo cha zamani. Richard Dudgeon, fundi wa New York, alipata hataza ya jeki ya majimaji mwaka 1851, wakati magari ya petroli hayajatengenezwa. Inafuata kanuni ya Pascal mnayoisoma katika Fizikia: pistoni ndogo yasukuma oili, na kubwa yainua mzigo. Lakini mzigo wote unategemea kizibo cha mpira, na kizibo hicho kikivuja, gari linashuka. Kwa hiyo mzee alisema jeki ni ya kuinulia tu. Cha kushikilia ni stendi ya chuma au magogo mapana, juu ya ardhi ngumu na tambarare. Tofali la saruji lenye matundu alilikataza kabisa, kwa kuwa hupasuka ghafla. Kisha alilitikisa gari kwa mikono miwili kabla hajaingia chini. Nimefanya hivyo tangu wakati huo, hata jirani wakinicheka.

Mwaka uliofuata tulichimba shimo la gereji kwa mikono yetu, ili gari lisiinuliwe tena kwa ajili ya oili. Huko Memphis, Marekani, Peter Lunati alikuwa ametengeneza lifti ya magari ya majimaji tangu mwaka 1925, lakini sisi tulikuwa na majembe. Shimo nalo lina hatari yake: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini. Baadaye lilifukiwa. Lile bamba la saruji lenye rangi tofauti, ambalo sasa mnaegeshea baiskeli, ndilo lenyewe.