Askari Wawili wa Mwaka 1916

Katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, madaktari watatu wa jeshi la Ufaransa, Georges Guillain, Jean-Alexandre Barré na André Strohl, waliandika habari za askari wawili walioanza kwa kufa ganzi miguuni, kisha nguvu zikawaishia. Mmoja wao, alipokuwa akijitwika shanta lake, alianguka chali na hakuweza kuinuka.

Dalili hizo hazikuwa ngeni, kwa kuwa mwaka 1859 Octave Landry alikwisha kueleza kupooza kunakoanzia miguuni na kupanda hadi kwenye misuli ya pumzi, kukaua. Jipya lilikuwa katika maji ya uti wa mgongo, ambayo Heinrich Quincke alionyesha mwaka 1891 namna ya kuyatoa kwa sindano inayopenyezwa kati ya pingili za kiunoni. Katika maji ya askari hao protini ilikuwa nyingi kupita kiasi, lakini seli, ambazo katika polio huongezeka, zilibaki chache kama za mtu mwenye afya, na kwa tofauti hiyo ugonjwa ukapata alama yake. Ulipopewa jina la Guillain na Barré mwaka 1927, Strohl aliachwa nje, na dhuluma hiyo haijarekebishwa.

Kosa zito zaidi lilikuwa la tiba. Kwa kuwa hali za askari wale zilitengemaa, Guillain alishikilia kwa miaka mingi kwamba ugonjwa aliouona si hatari na si ule wa Landry, ilhali ni uleule.

Chanzo kilianza kufichuka mwaka 1955, Byron Waksman na Raymond Adams walipowadunga sungura dawa iliyochanganywa na chembe za neva, wanyama hao wakapooza: kinga ya mwili, iliyofunzwa kuichukia neva, ilikuwa imeigeukia mielini, yaani ala ya mafuta inayoharakisha ujumbe ndani ya neva. Kwa binadamu mara nyingi funzo hilo hutokana na maambukizi, hasa kuhara kunakoletwa na bakteria aina ya kampilobakta, ambaye gamba lake hufanana na sehemu za neva.

Leo mgonjwa husafishwa utegili wa damu au hupewa kingamwili za wachangiaji, na yule ambaye kupooza kumemfikia kifuani huwekwa kwenye mashine ya kupumulia, wakati neva zikijijengea ala upya, kazi ya wiki nyingi na pengine miezi.