Habari za Choo cha Uani katika Pwani ya Ushongo

Mtu atokaye Pangani akavuka mto hadi Bweni, kisha akashika njia ya kusini kwa takriban kilomita 16, akiyapita mashamba ya mkonge na minazi, hufika Ushongo, kijiji cha wavuvi kilichotandaa juu ya mchanga kandokando ya bahari. Na akiwa ni mtu wa kupenda kuzitazama nyumba za watu, macho yake huanzia barazani, yakaingia ukumbini, na mwisho, iwapo amekaribishwa kwa wema, yakafika uani, ambako chakula hupikwa na watoto huogeshwa, na ambako pembeni kabisa, nyuma ya kitalu cha makuti au ukuta wa matofali, pana choo. Waandishi wa habari za kale za pwani yetu wameandika mengi juu ya milango ya nakshi na mihrabu ya misikiti, nao wamefanya vyema. Walakini choo cha uani wamekipita kimya kwa ajili ya haya, ilhali ndani yake mna ilmu ya wahenga wetu juu ya ardhi, maji na maradhi, ilmu ambayo mimi naiona inastahili taadhima kama ile ya mchonga milango.

Choo cha nyumbani si jambo lililoletwa pwani na wageni wa juzi. Huko Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kufukua magofu katika mwaka 1948, zilionekana nyumba za mawe zenye vyoo vya mashimo na mahali pa kutawadhia, zilizojengwa karne kadhaa kabla ya mabomba ya majitaka kuenea katika miji mikubwa ya Ulaya. Hapakuwa na ajabu katika hilo, maadamu watu wale walikuwa Waislamu, na sala haiswihi pasipo twahara. Hata leo mtu mwenye staha hasemi kwamba fulani amekwenda chooni, bali husema amekwenda msalani, na neno hilo lina umbo moja na msala, yaani mkeka wa kusalia. Ndiyo sababu mjenzi wa choo alitakiwa kuijua kibla kama alivyotakiwa kuijua mjenzi wa msikiti, ila kwa kinyume chake: kutoka pwani ya Pangani, Makka iko karibu sawasawa upande wa kaskazini, kwa hiyo mawe ya kukanyagia yaliwekwa ili mtu achutame akielekea mashariki au magharibi, asiielekee kibla wala asiipe kisogo. Mlangoni palikaa jozi ya mitalawanda, viatu vya mti vyenye visigino virefu, na ndani palikaa kopo la maji, ili najisi ya humo isitoke na miguu ya mtu ikafika mkekani.

Ama kuchimba shimo lenyewe, hapo ndipo Ushongo ilipokuwa na taabu yake. Bara, penye udongo mwekundu ulioshikamana, mtu huchimba hadi kamba ya ndoo imwishie, na kuta zikasimama. Pwani mchanga hauna dhamana, huporomoka kila jembe linapoingia, na chini yake maji hayako mbali. Fauka ya hayo, maji hayo hayatulii mahali pamoja, kwa kuwa karibu na ufuko hupanda na kushuka pamoja na bahari, hata shimo lililochimbwa wakati wa maji mafu likaonekana kavu kama kinu, laweza kujaa maji siku chache baadaye, mwezi unapoandama au unapopevuka na bamvua kufika. Mchimbaji asiyelijua jambo hili humwachia mwenye nyumba madhara mawili kwa mpigo: choo kinachofurika, na kisima kinachonywesha watu uchafu wao wenyewe, kwa sababu mchanga na mawe ya matumbawe hupitisha maji upesi mno, wala hayayachuji kama udongo unavyoyachuja. Kuta za shimo zilikingwa kwa mawe au kwa boriti za mikoko, mti ambao maji ya chumvi hayauozeshi upesi. Juu zikalazwa boriti nyingine, zikashindiliwa udongo, na mwenye uwezo akamalizia kwa sakafu ya chokaa iliyochomwa kwa matumbawe. Harufu ilitulizwa kwa majivu ya jikoni, kata moja baada ya nyingine. Shimo likikaribia kujaa lilifukiwa, likachimbwa jingine hatua chache pembeni, na aghalabu mahali pa shimo la zamani palipandwa mgomba au mpapai, ukazaa vizuri.

Si kila nyumba iliyokuwa na shimo. Wengi, hususan wanaume na watoto, walishuka ufukoni maji yakipwa, wakaiachia bahari kazi ya kusafisha, na maadamu nyumba zilikuwa chache na zimetengana, watu hawakuuona msiba uliokuwa ukingoja. Uliingia kupitia mlango wa biashara. Pangani ilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda na kurudi kutoka nchi ya Wamasai, na katika mwaka 1869 misafara hiyo ilishuka na kipindupindu, maradhi ambayo lugha yetu iliyajua pia kwa jina la waba. Na kabla ya mwaka kwisha yalikuwa yamekwisha vuka bahari hadi Unguja, yakaua maelfu kwa maelfu. Tabibu James Christie, aliyekuwa akikaa Unguja, aliifuatilia njia ya maradhi hayo kituo kwa kituo, akaiandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1876. Huko London, John Snow alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1854 kwamba kipindupindu husafiri ndani ya maji ya kunywa, lakini habari hiyo haikuwa imekubaliwa na matabibu wote, seuze kufika kwenye visima vya Pangani.

Zama za Wadachi nazipita upesi, kwa kuwa serikali yao iliujali mji na boma kuliko vijiji vya ng'ambo ya mto. Jambo moja tu nalitaja: mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na ile michache iliyosalimika, 62 kwa hesabu, ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge ulileta utajiri na jasho, na habari zake zinajulikana. Lakini pia uliwapa maskini wa pwani mti mwepesi usiogharimu kitu, yaani ule mlingoti unaochomoza mmea unapokaribia kufa, na kwa milingoti hiyo zikajengwa kuta na mapaa ya vyoo vingi.

Badiliko kubwa lilikuja baada ya uhuru, na lilikuja kwa sauti. Katika mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwayo watu wazima wapatao milioni mbili nchini kote walikusanyika vikundi vikundi kando ya redio, kwa muda wa majuma 12, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mimi naihesabu kampeni ile miongoni mwa kazi zilizo bora kabisa zilizopata kufanywa kwa lugha ya Kiswahili, kwani ilimsemesha mkulima na mvuvi juu ya kinyesi bila ya kumvunjia heshima yake, na ikamwachia yeye mwenyewe kuamua ni wapi katika uwanja wake shimo lingekaa.

Kisha ikaja saruji, na pamoja nayo karo. Asili ya karo ni Ufaransa, ambako katika miaka ya 1860 Jean-Louis Mouras alijenga tangi la kupokea uchafu wa nyumba, akagundua baada ya miaka kwamba limejaa maji kuliko tope: vijidudu visivyohitaji hewa vilikuwa vimeyeyusha sehemu kubwa ya uchafu. Karo la Ushongo hufanya kazi vivyo hivyo. Tope hukaa chini, ukoko wa mafuta huelea juu, na maji ya katikati hupita kwenda shimo la pili, yakanywewa na mchanga. Lakini karo lina adabu zake, na baadhi yake zinapingana na zile za shimo la kale. Majivu yaliyokuwa dawa katika shimo ni maradhi katika karo, kwani hushuka chini yakaganda. Dawa kali za kuulia wadudu huviua vile vijidudu vinavyofanya kazi. Machicha ya nazi yanayomwagwa pamoja na maji ya vyombo huziba bomba. Na mchanga, ambao katika kijiji hiki huingia bafuni na kila mguu utokao pwani, hujikusanya katika chemba mpaka maji yakakosa njia. Minazi nayo hutafuta maji: ufa mwembamba katika kiungo cha bomba hupitisha mzizi mmoja, na baada ya masika mbili tatu bomba zima huwa limejaa nyuzinyuzi. Na tope likifika theluthi ya kina cha karo, halina budi kutolewa, jambo ambalo Ushongo halikuwa jepesi, kwa sababu kwa miaka mingi gari la kunyonya lililotoka Tanga lilipaswa kuvuka mto kwa pantoni, likangoja zamu yake pamoja na mabasi na malori. Kwa hiyo mwenye nyumba mwangalifu hufunua chemba kabla ya masika, akachota mchanga kwa kopo, akamwaga ndoo ya maji chooni na kusikiliza kama inapita.

Nyumba za wageni zimejengwa ufukoni, na kila moja ina mabafu yake na mabomba yake, juu ya mchanga ule ule unaobeba visima vya kijiji. Kwa sababu hiyo fundi anayeijua Ushongo, akiitwa leo kuchimba shimo jipya la karo, hapimi siku ile ile. Huchimba kishimo cha kujaribia, akakifunika kwa ubao ili mtoto asitumbukie, akarudi usiku wa bamvua, bahari ikiwa imejaa, akiwa na taa na ufito mrefu. Huutumbukiza, huutoa, huutazama umelowa mpaka wapi, na hapo ndipo hukata alama kwa kisu.