Vidonge vya kwenye begi

Nilikuwa darasa la pili mjomba aliposhindwa kumeza. Uji, maji, hata mate yake mwenyewe: anakunja uso kama mtu anayemeza wembe. Nyumbani tukasema anachagua chakula. Jamani! Kumbe ni fangasi wa kandida, wale wa utando mweupe mdomoni, wameshuka mpaka kwenye umio. Kinga ikiwa nzima hawatambi; ikianguka, wanajitanua.

Hawa ni majirani wa Ukimwi tangu siku ya kwanza. Ripoti ya Juni 5, 1981, kuhusu vijana watano wa Los Angeles, watu wanaikumbuka kwa nimonia. Isome tena: wote watano walikuwa na kandida.

Na dawa ilikuwepo. Flukonazoli, kazi ya wanasayansi wa Pfizer mjini Sandwich, Uingereza, iliruhusiwa Marekani mwaka 1990. Unameza mara moja kwa siku, wiki mbili hadi tatu, na wengi hupata nafuu ndani ya siku chache. Ndiyo maana daktari mara nyingi hangoji kipimo cha kupitisha mpira kooni. Anaanza dawa, wiki ikipita bila nafuu, ndipo anatafuta mengine, kama virusi vya hepesi. Mgonjwa apewe vilaini vilivyopoa, uji au mtindi, pilipili na ndimu zikae mbali. Ila bila ARV za kuinua kinga, fangasi hurudi.

Sasa bei. Afrika Kusini mwaka 2000, kidonge kimoja cha Pfizer cha miligramu 200 kiliigharimu serikali zaidi ya randi 28. Cha Thailand, dawa ileile, hakikufika randi 2. Christopher Moraka, mwanaharakati wa TAC, alifariki Julai mwaka huo akiteswa na fangasi hao. Oktoba, mwenzake Zackie Achmat akatua kutoka Thailand na maelfu ya vidonge, bila kujificha, na kampeni ikapewa jina la Moraka. Desemba Pfizer na serikali wakakubaliana dawa itolewe bure katika hospitali za umma. 

Mjomba alifariki 2001. Karatasi ya dawa tuliikuta kwenye mfuko wa koti lake, imekunjwa vizuri, dawa haijanunuliwa.